Jinsi ya Kutabiri Tabia za Elementi kwa Kutazama Elektroni za Valensi: Mwongozo Kamili

Chukua elementi tatu zinazofuatana kwenye jedwali: florini yenye protoni 9, neoni yenye 10 na sodiamu yenye 11. Florini ni gesi kali inayoshambulia karibu kila kitu inachokigusa. Neoni haijishughulishi na chochote; haijulikani kampaundi yake yoyote iliyo thabiti. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikikutana na maji hufoka, huyeyuka kwa joto la mmenyuko wenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni.

Zinapishana kwa protoni moja moja tu, na uzito wao haupishani sana. Iweje tabia ziwe mbali hivyo? Jibu liko kwenye ganda la nje la kila atomu. Florini ina elektroni 7 huko, neoni ina 8, sodiamu ina 1. Hizo za ganda la nje ndizo elektroni za valensi, na ndizo zinazokutana na atomu nyingine wakati wa mmenyuko. Za ndani hubaki zilipo.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayejifunza kemia na amechoka kukariri elementi moja baada ya nyingine. Unahitaji jedwali la elementi, kalamu na karatasi. Maswali yatakayokuongoza ni mawili: elektroni za nje ni ngapi, na kiini kinazishika kwa nguvu kiasi gani? Wengi hufundishwa swali la kwanza peke yake, ndiyo maana hukwama wakiulizwa kwa nini potasiamu ni kali kuliko lithi ilhali zote zina elektroni moja ya nje.

Hatua ya 1: Hesabu elektroni za nje

Anza na namba ya atomu, kwa kuwa idadi ya elektroni katika atomu isiyo na chaji ni sawa na idadi ya protoni. Zigawe kwenye maganda kuanzia ndani. Ganda la kwanza huchukua 2, la pili 8. La tatu lina nafasi ya elektroni 18, ila likifikisha 8, mbili zinazofuata huingia ganda la nne kwanza. Kwa hiyo sodiamu ni 2,8,1. Klorini ni 2,8,7. Potasiamu ni 2,8,8,1 na kalsiamu 2,8,8,2.

Ukishaelewa utaratibu huo, tumia njia ya mkato: soma namba ya kundi, yaani safu wima. Kundi la 1 lina elektroni 1 ya valensi, kundi la 2 lina 2. Kuanzia kundi la 13 hadi la 18, toa 10 kwenye namba ya kundi: kaboni iko kundi la 14, kwa hiyo ina 4, oksijeni iko kundi la 16, ina 6. Heli imewekwa kundi la 18 lakini ina 2 tu, na hizo 2 zinatosha kujaza ganda lake pekee. Makundi ya 3 hadi 12 yana mambo yake, tutayafikia.

Ukitaka kuhakikisha kwamba uzito wa kiini si hoja, tazama klorini. Kiasili ina isotopu mbili, klorini-35 ambayo ni takribani robo tatu na klorini-37 ambayo ni takribani robo. Moja ina neutroni mbili zaidi ya mwenzake. Kikemia zinafanya kazi ileile, kwa sababu zote ni 2,8,7.

Hatua ya 2: Pima jinsi kiini kinavyozishika

Elektroni ya nje huvutwa na protoni za kiini, lakini elektroni za ndani zimekaa katikati na kuisukuma nje. Ni kama pazia lililotundikwa mbele ya taa: mwanga unaofika upande wa pili si ule wote uliotoka. Kinachofika ndicho tunachokiita chaji halisi ya kiini.

Mwaka 1930 John C. Slater alitoa kanuni rahisi za kukadiria chaji hiyo. Kwa sodiamu, yenye protoni 11, elektroni ya nje huhisi chaji ya takribani 2.2 tu. Kwa klorini, yenye protoni 17, kila elektroni ya nje huhisi takribani 6.1. Zote mbili zina maganda matatu, lakini elektroni za nje haziwezi kukingana vizuri zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kila protoni inayoongezwa unapoelekea kulia inazivuta zote kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana atomu hupungua ukubwa kutoka kushoto kwenda kulia: nusu kipenyo cha sodiamu ni pikomita 186, cha klorini ni 99.

Ukishuka kwenye kundi, hali hugeuka. Ganda jipya huongezwa, elektroni ya nje huwa mbali zaidi, na pazia huwa nene zaidi. Nishati inayohitajika kung'oa elektroni ya kwanza, kwa kilojuli kwa kila moli (kipimo cha idadi ya atomu), ni 520 kwa lithi, 496 kwa sodiamu, 419 kwa potasiamu, 403 kwa rubidi na 376 kwa sesi. Ukiona orodha hiyo huhitaji kukariri mpangilio wa ukali wa metali za kundi la 1. Kwenye maji, lithi huelea ikitoa mapovu kwa utulivu. Sodiamu huyeyuka ikawa tone la mviringo linalokimbia juu ya maji. Potasiamu huwasha haidrojeni inayotoka, na mwali wake ni wa zambarau hafifu. (Majaribio haya ni ya maabara, kwa kipande kidogo sana, nyuma ya kinga ya uwazi, na mwalimu akiwepo. Usiyajaribu nyumbani.)

Kwa halojeni, yaani elementi za kundi la 17, mwelekeo ni kinyume, na hapo ndipo uelewa wako unapimwa. Florini, klorini, bromini na iodini zote zina elektroni 7 na zote hupokea moja. Anayepokea hunufaika na kiini kilicho karibu, hivyo ukali hupungua ukishuka. Mimina maji ya klorini kwenye myeyusho wa bromidi ya potasiamu na utaona rangi ya manjano hadi chungwa ikitokea: klorini imechukua elektroni kutoka kwa ioni (atomu zenye chaji) za bromidi na bromini imeachwa huru. Fanya kinyume chake, bromini kwenye kloridi ya potasiamu, na hakuna kitakachobadilika.

Hatua ya 3: Soma mruko kwenye nishati

Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba maganda si michoro ya kitabuni tu. Ng'oa elektroni za atomu moja baada ya nyingine, na kila mara andika nishati uliyotumia (kilojuli kwa moli):

Sodiamu: 496, kisha 4562.
Magnesiamu: 738, 1451, kisha 7733.
Alumini: 578, 1817, 2745, kisha 11577.

Nishati lazima ipande kila unapong'oa, kwa kuwa unaiondoa elektroni kwenye ioni yenye chaji chanya inayozidi kukua. Lakini angalia pale inaporuka. Kwa sodiamu inaruka baada ya elektroni ya kwanza, zaidi ya mara tisa. Kwa magnesiamu inaruka baada ya mbili, kwa alumini baada ya tatu. Mruko ni alama kwamba ganda la nje limekwisha na sasa unavunja ganda la ndani, lililo karibu na kiini na lenye pazia jembamba.

Jipime: elementi fulani ina nishati za 590, 1145, kisha 4912. Mruko uko baada ya ya pili, kwa hiyo elektroni za valensi ni 2 na elementi iko kundi la 2. Nishati ya kwanza, 590, ni ndogo kuliko 738 ya magnesiamu, hivyo iko chini yake. Ni kalsiamu. Kloridi yake itakuwa CaCl₂ na oksidi yake CaO, na umeyajua hayo bila kuigusa.

Hatua ya 4: Amua kama itatoa, itapokea au itashirikiana

Kwanza niondoe kauli moja inayopotosha. Tunaambiwa atomu "inataka" elektroni 8, na sodiamu "inafurahi" kuitoa elektroni yake. Haifurahi. Inabidi ulipe kilojuli 496 kuing'oa. Klorini ikiipokea hurudisha 349. Ukitoa hesabu, kuhamisha elektroni kutoka atomu moja ya sodiamu kwenda moja ya klorini, zote zikiwa gesi na zikiwa mbali moja na nyingine, kunagharimu takribani kilojuli 147 kwa moli. Kwa hesabu hiyo peke yake chumvi isingekuwepo.

Kinacholipa deni ni kinachofuata: ioni za Na⁺ na Cl⁻ zikijipanga kwenye fuwele, kila moja ikizungukwa na sita za aina nyingine, hutoa takribani kilojuli 787 kwa moli. Hata ukijumlisha gharama ya kutenganisha atomu za sodiamu kutoka kwenye metali (takribani 107) na ya kuvunja nusu moli ya Cl₂ (takribani 121), bado unabaki na faida ya kilojuli 410 hivi. Basi kwa nini isitoke Na²⁺, ambayo ingevutana na klorini kwa nguvu zaidi? Kwa sababu elektroni ya pili inadai 4562, na hakuna fuwele ya kloridi inayoweza kulipa kiasi hicho. Kanuni ya 8 ni matokeo ya hesabu hii. Ukiielewa hivyo, hutashangaa utakapokutana na mahali inapovunjika.

Sasa namna ya kuamua. Elektroni 1, 2 au 3 zinazoshikwa kwa ulegevu: metali, itazitoa na kuwa ioni chanya. Elektroni 6 au 7 zinazoshikwa kwa nguvu: ikikutana na metali itapokea, ikikutana na isiyo metali itashirikiana. Elektroni 4, hasa kwa kaboni: itashirikiana, kwa kuwa kutoa nne au kupokea nne ni ghali mno.

Ukiwa na shaka, tumia kipimo cha elektronegativiti, yaani nguvu ya atomu kuvutia kwake elektroni zinazoshirikiwa, ambacho Linus Pauling alikianzisha mwaka 1932. Florini ina 3.98, oksijeni 3.44, klorini 3.16, nitrojeni 3.04, kaboni 2.55, haidrojeni 2.20, sodiamu 0.93. Tofauti kati ya sodiamu na klorini ni kubwa, zaidi ya 2, hivyo tarajia ioni. Kati ya kaboni na haidrojeni ni ndogo, hivyo tarajia elektroni zinazoshirikiwa karibu sawa. Kati ya oksijeni na haidrojeni iko katikati: zinashirikiana, lakini oksijeni inazivutia upande wake. Usichukulie mipaka hii kama ukuta, ni mteremko.

Kwa zinazoshirikiana, toa idadi ya elektroni za valensi kwenye 8, na utapata idadi ya kawaida ya bondi, yaani jozi za elektroni zinazoshirikiwa. Kaboni 4, nitrojeni 3, oksijeni 2, florini 1. Kwa hiyo na haidrojeni unapata CH₄, NH₃, H₂O na HF. Michoro ya nukta ambayo Gilbert N. Lewis aliitumia kwenye makala yake ya mwaka 1916 bado ni chombo bora cha kufanyia hesabu hii. Usisahau kuchora jozi ambazo hazimo kwenye bondi, maana zina kazi. Methani haina jozi kama hiyo, na pembe kati ya bondi zake ni nyuzi 109.5. Amonia ina moja, inayozisukuma bondi hadi nyuzi 107. Maji yana mbili, na pembe inabanwa hadi 104.5. Jozi huru ya amonia ndiyo inayopokea H⁺ na kuifanya iwe besi.

Hatua ya 5: Toka kwenye elektroni uende kwenye tabia unayoiona

Kwenye metali, elektroni za valensi haziko kwa atomu moja. Zinatembea kati ya zote na kuzigandisha pamoja. Sodiamu inachangia 1 kwa kila atomu na huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi. Magnesiamu inachangia 2, huyeyuka kwenye 650. Alumini inachangia 3, na huyeyuka kwenye 660. Elektroni hizo zinazotembea ndizo zinazobeba umeme.

Linganisha almasi na grafiti. Zote ni kaboni tupu, zote zina elektroni 4 za valensi kwa kila atomu. Kwenye almasi, zote nne zimefungwa kwenye bondi na kaboni jirani nne. Hakuna iliyobaki ya kutembea: almasi haipitishi umeme, na ni ngumu kupita kiasi kwa sababu kila upande umefungwa. Kwenye grafiti, kila kaboni imefungwa na tatu tu, zikatengeneza tabaka bapa, na elektroni ya nne imeachwa itembee kwenye tabaka. Grafiti inapitisha umeme, na kwa kuwa matabaka yake yanashikana kwa ulegevu, yanateleza na kubaki kwenye karatasi ukiandika kwa penseli. Elementi ni ileile, idadi ya elektroni ni ileile. Kilichobadilika ni kazi waliyopewa hao wanne.

Halafu pitia oksidi za juu kabisa, yaani zenye oksijeni nyingi zaidi, za safu mlalo ya tatu: Na₂O, MgO, Al₂O₃, SiO₂, P₄O₁₀, SO₃, Cl₂O₇. Gawanya oksijeni kwa atomu ya elementi husika: 0.5, 1, 1.5, 2, 2.5, 3, 3.5. Kila elektroni ya valensi inayoongezeka inaleta nusu ya oksijeni. Tabia nayo inasogea hatua kwa hatua: mbili za kwanza ni besi, ya alumini humenyuka na asidi na besi pia, na kuanzia silikoni kwenda kulia ni za asidi. Oksidi ya sodiamu na maji hutoa hidroksidi kali. SO₃ na maji hutoa asidi ya salfuriki.

Hatua ya 6: Jua pale kanuni inapolegea

Boroni kwenye BF₃ imezungukwa na elektroni 6 tu, ndiyo maana inatafuta jozi ya mwingine, kama ile ya amonia. Fosforasi kwenye PCl₅ ina 10, salfa kwenye SF₆ ina 12. Hizi huonekana kuanzia safu mlalo ya tatu kwenda chini, ambako atomu ni kubwa na zina nafasi ya majirani wengi.

Risasi iko kundi la 14, lakini mara nyingi huunda Pb²⁺, si Pb⁴⁺. Kwenye elementi nzito, elektroni mbili kati ya zile nne za nje hushikwa kwa nguvu zaidi na hubaki bila kutumika.

Metali za mpito, makundi ya 3 hadi 12, ndizo zinazowasumbua wengi. Chuma ni 2,8,14,2. Ukihesabu ganda la nje tu utapata 2, na kweli kuna Fe²⁺. Lakini kuna Fe³⁺ pia, kwa sababu baadhi ya elektroni za ganda lililo chini yake zina nishati inayokaribiana na za nje na zinaweza kushiriki. Manganizi hufika hadi +7. Zinki, ambayo ganda hilo la chini limejaa kabisa, hubaki na Zn²⁺ peke yake. Kwa metali hizi, hesabu pamoja na elektroni za ganda hilo la chini lisilojaa.

Gesi adimu, yaani kundi la 18 lenye neoni na ksenoni, zinastahili neno zaidi. Kwa miongo mingi ziliitwa gesi zisizomenyuka kabisa, kwa sababu ganda lao la nje limejaa. Mwaka 1962 Neil Bartlett aliona kwamba kampaundi ya platini na florini, PtF₆, ina uwezo wa kung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli ya oksijeni. Akalinganisha nishati: kung'oa elektroni ya O₂ na kung'oa ya ksenoni kunadai kiasi kinachokaribiana kabisa. Kama moja inawezekana, nyingine nayo inawezekana. Akachanganya PtF₆ na ksenoni, akapata kitu kigumu cha rangi ya manjano hadi chungwa chenye ksenoni ndani yake. Swali la kwanza lilikuwa limewaambia watu kwamba haiwezekani. La pili ndilo lililofungua mlango, maana elektroni za ksenoni ziko mbali na kiini, na neoni haifanyi hivyo kwa sababu zake zinadai kilojuli 2081.

Hatua ya 7: Tabiri elementi usiyoijua

Mwaka 1871 Dmitri Mendeleev alielezea elementi ambayo haikuwa imegunduliwa, ambayo ingekaa chini ya silikoni. Alisema uzito wake wa atomu ungekuwa 72, msongamano 5.5, na kloridi yake ingekuwa na klorini nne na kuchemka chini kidogo ya nyuzi 100. Mwaka 1886 Clemens Winkler aliipata na kuiita gerimani: uzito 72.6, msongamano takribani 5.3, kloridi GeCl₄ inayochemka kwenye nyuzi 84 hivi. Elektroni yenyewe iligunduliwa mwaka 1897, kwa hiyo Mendeleev alikuwa akiona kazi ya elektroni nne za valensi bila kujua kwamba zipo.

Wewe unazijua, kwa hiyo jaribu na elementi ya 38, strontiamu. Iko kundi la 2, safu mlalo ya tano: 2,8,18,8,2. Elektroni za valensi ni 2, basi ioni ni Sr²⁺, oksidi ni SrO, kloridi ni SrCl₂. Iko chini ya kalsiamu, hivyo kiini kinazishika kwa ulegevu zaidi na mmenyuko wake na maji utakuwa mkali zaidi. Oksidi yake itakuwa besi. Vyote hivyo ni kweli. Endelea hatua moja zaidi: ikiwa ioni yake inafanana na ya kalsiamu kwa chaji na inaikaribia kwa ukubwa, mwili nao utaichukulia kama kalsiamu. Ndivyo inavyotokea. Strontiamu-90, isotopu yenye mionzi inayotokana na mipasuko ya nyuklia na yenye nusu-uhai wa takribani miaka 29, ikiingia mwilini hujikusanya kwenye mifupa.